Mapera ya Saa Nne

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, mashine ilisema hamna kitu.

Mkemia aliikazia macho skrini kama mama anavyomkazia mtoto aliyeapa hajagusa sukari huku midomo inang'aa. Mstari ulikuwa umelala chali. Sampuli ya mapera. Dawa ya wadudu: sifuri.

"Sifuri gani hii?" alinong'ona.

Mpishi wa shule alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Ndiye aliyeyaleta mapera hayo jana, mfuko mzima, baada ya watoto sita kutapika. Kreti zilizobaki alikuwa amezifungia stoo, ufunguo akausunda kifuani.

"Mwanangu, mimi si msomi," alisema, "lakini pera likinuka kama duka la pembejeo, najua limepuliziwa juzi tu. Na lile vumbi jeupe je? Ni poda ya mtoto?"

"Kitu kikiwa juu ya ganda, mama, mashine itakiona. Watoto wanayalaje?"

"Kama watoto. Anafuta kwenye shati, anang'ata."

Mkemia alilijua hilo. Mtoto wake alikuwa akisoma shule hiyohiyo, ng'ambo ya barabara, na hakuwa na shati lisilo na doa kifuani.

Mkurugenzi wa maabara aliingia na bango kwapani. Kwa miezi mitatu hakuna sampuli iliyofeli, si nyanya, si mchicha, si embe, na kabla ya hapo ilikuwa inafeli moja katika kila mbili. Yeye hakuona ajabu yoyote. Alikuwa amefanya semina mbili za wakulima, moja ikiwa na chai na maandazi, na kwa hesabu yake watu walikuwa wametubu. Bango lilisema: CHAKULA CHETU SALAMA ASILIMIA MIA.

"Majibu?" aliuliza.

"Safi. Ndiyo maana naogopa."

"Unaogopa usafi?"

"Naogopa mashine imekufa na sisi hatujapewa taarifa ya msiba."

Mpishi alicheka peke yake. Mkurugenzi alimgeukia. "Mama, pua si kipimo. Waandishi wa habari wanakuja leo. Hayo mapera yatoke stoo, watoto wale."

"Akitia saini huyu, nayatoa," mpishi alisema, akimwonyesha mkemia kwa kidevu. "Asipotia, nayamwaga. Wewe sikujui."

Mkemia hakuwa mtu wa kutia saini kwa kusukumwa. Alifungua kabati la kufuli, akatoa kichupa cha sumu yenyewe, akadondosha tone moja kwenye sampuli nyingine na kuilisha mashine. Dakika kumi na mbili walisimama kama watu wanaosubiri maji yachemke. Kisha mstari uliinuka ghafla, ukapanda mpaka ukagonga ukingo wa skrini.

"Mzima wa afya," Mkurugenzi alisema. "Tena ana nguvu."

Mkemia alilinganisha namba za kwenye chupa ya mapera na za kwenye daftari. Zilikuwa sawa, tena kwa mwandiko ulionyooka kama uzi. Huo ulikuwa mwandiko wa Shangazi wa chumba cha sampuli, mwisho wa korido, aliyeletwa kutoka nyumba ya wageni ya wizara baada ya mpokeaji wa zamani kustaafu. Shangazi ndiye aliyepokea mifuko dirishani, akakatakata, akasaga, akajaza chupa. Mkemia mwenyewe hakuwahi kukutana na pera lolote. Alikutana na uji.

Akainua simu ya ndani. "Shangazi, haya mapera ya shule, una hakika hayakuchanganyika na mengine?"

"Yachanganyikie wapi, mwanangu? Yote yamepita mikononi mwangu, moja moja."

Hapakuwa na pengine pa kushuku. Mashine ilikuwa inafanya kazi, namba zilikubaliana, na Shangazi hakuwa mtu wa kulipua kazi. Mkemia alivuta fomu, akatia saini na kugonga muhuri.

Mpishi aliipokea, akaitazama juu chini. "Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

"Basi. Aliyesoma ni wewe." Akachomoa ufunguo kifuani, akavuka barabara.

Saa nne kamili kengele ya shule ililia. Kelele za watoto zilipanda hadi dirisha la maabara, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mkemia alishusha pumzi. Mwanawe, mlafi kama baba yake, bila shaka alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Twende tumpige picha Shangazi," Mkurugenzi alisema, akikunjua bango. "Nataka sura ya mfanyakazi bora. Tangu aje, kazi inatembea."

Walimkuta ameketi kwenye stuli, akijipaka mafuta mikononi. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya dobi.

"Picha? Na mikono hii?" Shangazi aliificha chini ya aproni, akicheka kwa haya. "Mapera ya jana ndiyo yameniua. Ule uchafu, na harufu ile! Nimeyaloweka kwenye maji ya moto, nikayasugua kwa sabuni moja moja mpaka yakang'aa, ndipo nikayasaga. Jamani, tangu nije hapa, lini nimewaletea wataalamu wangu kitu ambacho hakijaoshwa?"