Zulia la Watu

Wasichana wa timu ngeni walipofika ukingoni mwa uwanja wa shule ya kimataifa, walivua viatu wakavipanga, kama mtu avuavyo mlangoni. Wenyeji wakaangua kicheko. Nailati, nahodha wao, akatabasamu tu. Msimu mzima hawakuwa wamefungwa hata bao moja, na ushindi ulishaanza kumchosha.

"Mbona mnavua, dada?" aliuliza.

"Nyasi zote hizi! Tutakanyagaje zulia la watu na viatu?" alijibu Mwanakheri, mshambuliaji wa wageni.

Refa akawaamuru wavae. Wakavaa, lakini kwanza wakapangusa soli kwa kanga.

Mechi ilikaribia kwisha bila bao Mwanakheri alipomhadaa Nailati, akamwacha kageukia kwingine, akaachia shuti. Wavu ukatikisika. Wenzake walimkimbilia wakipiga vigelegele, wakamkuta amepiga magoti, anarudisha pande la nyasi alilolichimbua kwa kiatu.

"Tuwie radhi, mwenzangu," Mwanakheri alimwambia Nailati. "Nimewaharibia."

Kocha wa wenyeji alikuwa anapiga kelele mpira urudishwe kati, upesi, muda unakwisha! Nailati akachuchumaa, akaweka kiganja chake kando ya kile cha mgeni, wakaanza kushindilia.