Hirizi ya Ini la Kuku

Kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru tena.

Katungu alisimama gizani mlangoni mwa chumba cha mwanawe, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na treni ya kumpeleka kazini, kwenye makao ya wazee kule St Marys, haimsubiri mtu. Alikuja tu kumbusu Gloire. Wiki hii mtoto hakumuuliza tena, kama alivyozoea, iwapo angerudi mzima.

Sauti ilitoka chini ya mto. Harufu nayo.

Akapenyeza mkono taratibu asimwamshe, akatoa pakiti ya chipsi iliyofungwa kwa uzi. Mende wawili wakampanda mkononi. Akauma meno, akaibeba mpaka jikoni, akawasha taa na kuipasua kwa kisu.

Ini la kuku. Limegeuka kijani, linateleza kama kamasi. Ndani yake zimechomekwa kucha za rangi ya zambarau: zake, alizokata Jumapili. Kibonge cha nywele zake za kwenye kitana. Barakoa yake ya kazini, imekauka mate. Akatapika kwenye sinki.

Jumapili ile Yvette ndiye aliyefagia. Gloire alimshikia kizoleo tu.

Yvette, dada wa mumewe, alihamia kwao kazi ya ghalani ilipokwisha. Tangu lokidauni ianze alishinda kwenye kochi na simu, akicheza mchezo wa wachawi wanaooza nyuso, Gloire kamwegemea begani. Kikulacho ki nguoni mwako, Katungu alijiambia.

"Wifi, amka."

Yvette akaja amejitanda kitenge. Alipoona kilichokuwa mezani, akaziba pua.

"Mbona kama hirizi ya kwenye mchezo?"

"Niambie wewe, fundi. Inafanya nini?"

"Wifi, ule ni mchezo tu."

"Nimekuuliza inafanya nini."

"Mtu akilaaniwa, anaoza. Hirizi haiui laana, inaihamisha. Inaitoa kwa mwenye kucha, inampa anayeilalia."

Katungu akalitazama lile ini. Wazee wanne walikuwa wamekufa kazini mwezi huo, mmoja akiwa ameushika mkono wake. Kila siku ya tatu alichokonolewa pua kupimwa, akangoja majibu roho juu. Na mkosi wote huo kuna mtu aliyeusukumia kwa mtoto wa miaka saba.

"Umemlaza mwanangu juu ya kifo changu."

"Si mimi. Naapa kwa kaburi la mama, kule nyumbani Butembo."

"Usimtaje mama mkwe wangu mbele ya uchafu huu." Akaliburuta begi la Yvette kutoka nyuma ya kochi, akalitupa mlangoni. "Kaka yako akitoka shifti asikukute. Lokidauni au si lokidauni, utajua pa kwenda."

Yvette akaanza kukunja blanketi lake, machozi yakimdondoka.

Gloire alikuwa amesimama koridoni na pajama zake, akiitazama meza bila kuziba pua.

"Mama, niliitengeneza mimi, kwa sababu kwenye tivii walisema korona haiui watoto."