Talaka ya Dhoruba

"Umerudi kuniacha, sivyo?" Dhoruba aliandika, hata salamu hakutoa.

Nilton alijifuta unga vidoleni kabla ya kujibu. Alikuwa kwenye kibanda cha intaneti, hapo hapo mjini kwao Lambayeque, mgongo unamuuma na macho mazito. Tangu alfajiri alikuwa mbele ya tanuri la mikate. Sasa, badala ya kwenda kulala, amerudi kwenye mchezo alioutoroka miaka minne iliyopita. Humo ndani yeye ni Chuma, shujaa wa ngao na upanga. Na humo ndani, jamani, ana mke.

Kosa lake lilikuwa kumsimulia mchumba wake, Yovana, habari hiyo kama kichekesho. Yovana hakucheka.

"Kamwache."

"Nani? Mpenzi, yule ni picha tu! Hata sauti yake sijawahi kuisikia."

"Basi itakuwa rahisi. Huo mchezo naujua mimi. Nimekula wali ulioungua utoto wangu wote kwa sababu yake. Usipomwacha, Jumapili usijisumbue kuja kwetu kuposa."

Nilton alidhani Yovana anawasema kaka zake, akakubali. Kubishana kunataka nguvu, na yeye nguvu hana.

"Ndiyo," aliandika sasa. "Nisamehe. Naoa."

Dhoruba, msichana wa mishale mwenye nywele nyekundu hadi kiunoni, alisimama mbele ya nyumba yao. Taa zilikuwa zinawaka. Katika mchezo ule nyumba isipotunzwa hubomoka, kwa hiyo ameitunza muda wote huo peke yake. Nilton aliona haya kweli kweli. Baba yake alipokufa na tanuri kubaki mikononi mwake, aliondoka bila hata kuaga.

Zamani, kila Chuma alipotoka vitani, Dhoruba alimpokea mlangoni kwa maneno yale yale: "Futa matope, hapa si zizini." Naye alimjibu: "Na fahali amefika." Upuuzi mtupu, lakini kuna siku ulikuwa ndio kicheko chake pekee. Leo hakuambiwa kitu.

Sheria ya mchezo haikuwa na huruma. Wanaoachana lazima wafike wote wawili mbele ya kuhani, na kuhani anakaa ng'ambo ya kinamasi. Wakaanza safari. Njia ilikuwa tupu, wachezaji wengi wameshahamia kwingine. Madude ya kinamasi yalipojitokeza, Dhoruba aliyapiga mishale bila hamu, kama mtu anayefagia uwanja.

"Nimechoka, Chuma," aliandika. "Nilikuwa natafuta sababu ya kuacha mchezo huu. Umeniletea."

Kisha: "Ngoja, kitu kinaungua."

Akaganda njiani, mishale mkononi. Nilton akamlinda hadi aliporudi.

"Haya. Anakupenda huyo msichana?"

"Ananipenda. Shida ni mama yake. Kisirani kitupu! Wachumba wawili ameshawafukuza, mmoja hata kiti hakuonyeshwa. Jumapili ni zamu yangu. Sijawahi kumwona, lakini namwogopa tayari."

Dhoruba alisimama katikati ya njia, mpaka Nilton akadhani ameenda tena kuangalia sufuria.

"Unampelekea nini?" aliuliza hatimaye.

"Maua."

"Maua yanalika? Uliwahi kuniambia baba yako ana tanuri. Mpelekee mkate ulioukanda mwenyewe. Na usimdanganye kitu. Mama wa hivyo ameshadanganywa vya kutosha."

"Wewe unamtetea?"

"Tembea, Chuma. Miguu inaniuma."

Mbele ya kuhani wote wawili walikubali. Kengele ikalia, ndoa ikaisha. Huko nyuma, ng'ambo ya kinamasi, taa za nyumba yao zikazimika. Dhoruba akainama mara moja, kama walivyokuwa wakisalimiana zamani, akatoweka. Nilton alibaki akitazama kioo na kujishangaa, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga kwa ajili ya picha.

Jumapili alimwambia Yovana kuwa talaka imetoka, akaoga, akavaa shati jeupe. Kwa desturi angefuatana na baba yake. Alifuatana na mkate, bado wa moto, umefungwa kwa kitambaa. Majirani walikuwa wamemwagia mtaa maji kutuliza vumbi, na alipofika mlangoni viatu vilikuwa havitazamiki.

Mlango ulifunguliwa na mama mfupi mwenye aproni, miwani inaning'inia kifuani, macho yamechoka kuliko ya Nilton. Huyo ndiye Bi Zoraida. Nyuma yake Yovana aliuma midomo kwa wasiwasi.

"Shikamoo, mama," Nilton alisema.

Bi Zoraida aliutazama mkate. Akaitazama mikono iliyoushika, ina makovu ya tanuri. Kisha akashusha macho polepole hadi kwenye viatu, na Nilton akajua kwamba safari yake imeishia hapo kizingitini.

"Futa matope," Bi Zoraida alisema. "Hapa si zizini."

Mdomo wa Nilton ulijibu kabla ya akili yake kufika.

"Na fahali amefika."

Yovana aliwatazama, huyu kisha yule. Mkate nusura umponyoke Nilton mikononi.

Bi Zoraida aliudaka, akaunusa, akaufungua mlango wote.

"Pita, mwanangu," alisema. "Kisirani amekupikia bata, na leo hajaungua."