Mrundi Mwenye Namba ya Herman

Martini alimpiga kikumbo katikati ya mteremko, na yule Mrundi akatoka barabarani na baiskeli yake mpaka mtaroni. Martini hakugeuka. Alisikia chuma kikigonga jiwe, halafu vicheko vya watu waliosimama pembeni kutazama mashindano.

Alikuwa amemchukia tangu asubuhi, kule Kasulu. Wapanda baiskeli walikuwa wameshajipanga mtu huyo alipotokea mbio, amevaa kandambili na suruali iliyokunjwa magotini, kifuani amebandika namba ya Herman, kijana wa pale mjini aliyeamka na homa. Hata baiskeli ilikuwa ya Herman. Alipotoa salamu tu, lafudhi ikamuumbua.

"Huyu ni wa kambini," Martini alimwambia Pastory, msimamizi wa mbio. "Mnamwingizaje?"

"Herman kampa namba mwenyewe. Mwache, milima itamtoa."

Mrundi aliuliza jambo moja tu, kuhusu Mwanga, kule ziwani mbio zilikoishia. "Mzee, Mwanga tutafika kabla ya adhuhuri?"

"Wa kwanza watafika," Pastory alisema. "Wewe sijui."

Watu wakacheka. Martini hakucheka. Mwaka ule jeshi lilikuwa limewakusanya Warundi wote waliokuwa wakiishi mjini na vijijini, likawapeleka makambini, na asiye na kibali hakuruhusiwa kutoka. Martini aliona ni sawa kabisa. Mbuzi wa baba yake walikuwa wameibwa, na kijiji kizima kilisema ni wakimbizi. Hakuna aliyewaona, lakini kila mtu alisema. Tena yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa mbio zilizopita. Hakujitesa kwenye milima ya Kasulu ili aje ashindane na mtu wa kupimiwa unga kambini.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari waliinua mti. "Wenye namba wapite," mmoja wao alisema, bila hata kuwatazama usoni. Mrundi alipita ameinamisha kichwa. Kuanzia hapo akawa anakanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa, na ndipo Martini alipomsogelea kwenye mteremko, akamtupa mtaroni.

Alidhani amemalizana naye. Kilima kilichofuata kilikuwa kirefu, na wengi waliteremka wakakokota baiskeli zao. Martini alikaza. Karibu na kileleni akasikia mnyororo ukilia nyuma yake. Mrundi alikuwa peku sasa, goti limechanika, damu na vumbi jekundu vimeshikana mpaka kwenye kifundo cha mguu.

"Ndugu yangu," alisema akihema, "ushindi chukua wewe. Mimi niache nipite tu."

Martini aliona anadharauliwa. Akamtemea mate.

Kijiji cha mbele wanawake walikuwa barabarani na ndoo, wakiwagawia washindani maji. Martini alinywa, kisha akawaambia, "Huyo anayekuja ni mkimbizi." Mama mmoja aliyekuwa ameshanyoosha kikombe akakirudisha, akamwaga maji chini. Vijana wakaokota mabonge ya udongo.

"Rudi kwenu, muuaji!"

Bonge moja lilimpata Mrundi shingoni. Hakusimama wala hakujifuta.

Wakaendelea hivyo, kilima baada ya kilima, Martini akimbana pembeni kila alipojaribu kupita, na wengine wakibaki nyuma mpaka wakawa wawili tu. Kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji, pale ambapo ziwa linajitokeza ghafla, Martini aliinua macho kulitazama, kama kila mtu anavyofanya akifika pale. Mrundi alitazama jua limefika wapi. Kisha akainuka kwenye tandiko na kumpita.

Martini hakumpata tena. Aliteremka akijua kwamba Mwanga nzima itamwona akiingia nyuma ya mtu wa kambini.

Sokoni umati ulikuwa umejaa pande zote mbili za barabara, na utepe umefungwa mbele ya maduka. Mrundi alipotokea wa kwanza, kelele zilikatika. Mtu mmoja akazomea, wengine wakafuata. Msikitini walikuwa wanaadhini. Utepe ulikuwa mbele yake, karibu kabisa, na hakuna aliyekuwa kati yake na ushindi.

Akakata kona. Aliuacha utepe, akaingia njia ya Ujiji, akapotea.

Martini alikata utepe peke yake. Walimpigia makofi, lakini makofi yalikuwa na kicheko ndani yake. "Umeachiwa, Martini," fundi cherehani mmoja alisema kutoka barazani, na watu wakashika mbavu.

Hakungoja zawadi. Aligeuza baiskeli na kushika njia ile ile ya Ujiji. Alikuwa ameamua kumpiga mtu yule mpaka aseme kwa nini amemdhalilisha mbele ya watu wa kwao.

Aliikuta baiskeli ya Herman imetupwa chini kando ya msikiti mdogo. Wanaume walikuwa wanatoka uani, wameinua jeneza lililofunikwa shuka ya kijani. Mbele kabisa, bega chini ya mti wa jeneza, alikuwemo Mrundi, peku, na namba bado kifuani.

Martini alisimama na ngumi zake. Mwanamume mmoja wa makamo, amevaa kanzu, aliiona namba kwenye kifua cha Martini, akatoka kwenye msafara na kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mungu akulipe, mwanangu, kwa kumsindikiza," alisema. "Tangu jana tumeuweka mwili wa mkewe bila kuuzika, tukiogopa askari hawatamruhusu kutoka kambini. Pokea upande ule."