Punda na Waheshimiwa Viboko

Zamani, mbuga ilipokuwa na Bunge lake, Punda, katibu wa chama cha wafanyakazi, alikwenda huko mwaka wa saba mfululizo kuomba fedha za dawa na madarasa. Waheshimiwa Viboko walimpokea vizuri mno, kama kawaida yao.

"Dada Punda, suala lako tunalifanyia kazi," alisema Kiboko mnene, akapiga mwayo, akaingia ukumbini kuuwahi usingizi wake.

Punda aliketi na wenzake kwenye mabenchi ya wageni. Miaka saba ilikuwa imemfunza jambo moja: Viboko hulala kila hoja inaposomwa, ila meza zikigongwa huzinduka, kwa kuwa meza hugongwa posho zao zinapopanda.

Spika Korongo akaisoma hoja ya dawa na madarasa, akauliza, "Wanaoafiki?"

Punda na wenzake wakayatwanga mabenchi kwa kwato hadi ukumbi ukatikisika.

"Ndiyooo!" wakanguruma Viboko, macho yangali yamefumbwa.

"Hoja imepita."

Walipozinduka sawasawa, Viboko walitaka uamuzi ufutwe. Kanuni ziliruhusu, mradi mheshimiwa mmoja tu asimame akiri kwamba alikuwa amelala.

Hajapatikana mpaka leo. Kumbe wote walikuwa macho, na siku zote wamewapenda wagonjwa na wanafunzi.