Vidonge vya Kuongeza Damu

Sudi alikuwa akiosha baiskeli yake nyuma ya nyumba ya wageni, Kheri, mwenzake wa timu, alipomjia. Miaka yote katika mashindano ya baiskeli Sudi ndiye aliyeachwa mlimani. Leo aliwaacha wote, na mezani hakuna mwenzake hata mmoja aliyemsemesha.

"Kaka, kesho nisipofika juu na wale wa mbele, kocha ananirudisha nyumbani," Kheri alisema. "Nipe na mimi hicho unachotumia."

"Situmii kitu. Nilikuwa na safura. Hospitali wakaua minyoo, damu ikarudi."

Kheri akacheka. "Minyoo! Hayo kawaambie wapimaji wa dawa za kuongeza nguvu."

"Niliwaambia. Walicheka kama wewe."

"Tumekula sahani moja, Sudi. Leo unaninyima?"

Sudi akaingia ndani, akarudi na vidonge vya kuongeza damu alivyobakiza. Alimweleza kwamba ni madini ya chuma tu, kama wanayopewa wajawazito. Kwamba havimsaidii mtu asiyepungukiwa damu. Kwamba hata mgonjwa huvimeza wiki nyingi kabla ya kupata nguvu. Kheri aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa siri isiyoweza kutajwa kwa jina lake.

"Nimekuelewa, kaka," alinong'ona.

Akameza vinne kwa maji ya bomba. Kisha akaketi kwenye ukingo wa karo, akaweka kiganja kifuani, akafumba macho, akangoja.