Kipande Kilichochemshwa

Bi Mwanahawa alidondosha dawa ya rangi juu ya vipande viwili vyembamba vya figo ya panya. Kimoja alikuwa amekichemsha makusudi, ili kimeng'enya kilichomo, ambacho ndicho huigeuza dawa hiyo kuwa nyekundu, kife. Hicho nacho kikishika rangi, jaribio ni bure, na darasa la jioni atalirudia mwaka mzima.

"Bibi, unapika au unaomba dua?" alimtania Rukia, mwanafunzi mwenzake.

"Vyote, mwanangu."

Akainamia hadubini. Katika kipande kibichi, wekundu ulikuwa ukichipuka mrija baada ya mrija. "Subhanallah! Kimeng'enya hiki hapa!"

Akabadilisha kioo, akaweka chenye kipande kilichochemshwa, lakini machozi yalimziba macho. "Nitazamie hiki."

Rukia akachungulia. "Mbona humu hamna kitu?"

"Hamna?"

"Hata doa."

Bi Mwanahawa akapiga kigelegele, na darasa zima likakimbilia kutazama weupe.